Uchumi wa Kati na Mfuko wa Mgonjwa

Julai 2020, Benki ya Dunia ilipoitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha daraja la chini, nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Pato kwa kila mtu lilikuwa limefikia dola 1,080 kwa mwaka, nasi tukawa tumevuka, kwa kiasi kidogo, mstari wa dola 1,036. Niliwaeleza wanafunzi wangu maana ya kipimo hicho, nikawatahadharisha pia kwamba wastani si mtu. Sikujua kuwa mmoja wao angekuja kunifundisha somo hilo upya.

Alikuja ofisini kwangu akiwa mwaka wa pili, kuomba kuahirisha masomo. Baba yake, mkulima wa korosho huko Newala, alihitaji upasuaji, na familia haikuwa na bima. Ndugu walichanga, fedha hazikutosha. Mikorosho ikawekwa rehani, na akiba ya ada ya kijana ikafuata njia hiyo hiyo. Mzee alipona, tunamshukuru Mungu. Kijana hakurudi chuoni. Katika takwimu za taifa, malipo yale huingia kama matumizi ya afya. Hakuna safu inayoonyesha shamba lililokwenda wala shahada iliyokatishwa.

Tunapojilinganisha na mataifa mengine, tumezoea kuuliza swali moja: tunatumia kiasi gani? Kwa swali hilo tumo katika nafasi dhaifu. Matumizi yetu yote ya afya, ya umma na ya binafsi, hayafiki asilimia 5 ya pato la taifa. Mwaka 2001, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Katika miaka ya karibuni tumebaki mbali na ahadi hiyo, na sioni hoja ya kulitetea jambo hilo.

Hata hivyo, kiasi peke yake hakitoshi. Marekani hutumia takriban asilimia 17 ya pato lake kwa afya, zaidi ya dola 12,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na bado Wajapani, wanaotumia sehemu ndogo zaidi ya pato lao, huishi miaka kadhaa zaidi ya Wamarekani. Sisi wenyewe tuna ushahidi wa nyumbani. Tafiti za kitaifa zinaonyesha kuwa vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Hatukutajirika ghafla katika miaka hiyo. Pamoja na mambo mengine, tulipeleka huduma ya upasuaji wa dharura katika vituo vya afya vilivyo karibu na wajawazito.

Kwa hiyo lipo swali la pili, nalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito zaidi: nani analipa, na analipa lini? Mfumo unaomdai mtu akiwa tayari kitandani humtoza katika saa ambayo hawezi kupatana bei wala kusubiri mavuno. Wakati muswada wa bima ya afya kwa wote ukijadiliwa, Watanzania wenye bima yoyote walikuwa takriban asilimia 15 tu. Jirani yetu Rwanda, ambayo bado imo katika kundi la nchi za kipato cha chini, imewaingiza wananchi wake walio wengi katika bima ya jamii. Yaani tuliyempita kwa daraja la kipato ametupita kwa kinga ya mgonjwa.

Wapo watakaosema kwamba fedha hazipo. Thailand ilipoanzisha huduma kwa wote mwaka 2002, ilikuwa katika daraja la kipato tulilomo sisi leo. Iliamua kuwagharimia kwa kodi wananchi waliokuwa nje ya ajira rasmi, badala ya kungoja michango yao. Ghana, mwaka uliofuata, iliamua kutoza asilimia 2.5 ya thamani ya bidhaa na huduma kwa ajili ya mfuko wa bima. Sisi tulianza majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii huko Igunga tangu 1996, tukategemea hiari ya kaya, na kwa zaidi ya miaka 20 tumeona hiari inafika wapi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023. Sheria bila chanzo cha fedha cha uhakika kwa ajili ya kaya zisizo na uwezo ni kadi isiyopokelewa dirishani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, bajeti itakaposomwa, usitosheke na kuuliza uchumi umekua kwa asilimia ngapi. Muulize mbunge wako ni kaya ngapi maskini za jimboni mwake zimelipiwa bima, na kwa fedha kutoka wapi.

Mimi nitaendelea kufundisha vipimo vya kimataifa, kwa maana vina faida yake. Lakini kila ninapoandika ubaoni pato kwa kila mtu, hukumbuka kiti kimoja cha safu ya pili ambacho mwenyewe hakurudi kukikalia.