Mita Moja, Vyumba Sita



Mara kadhaa tumeitwa kusuluhisha wapangaji wa nyumba moja wanaozozana juu ya fedha ya umeme, na shauri huwa lilelile: vyumba sita, mita moja ya LUKU. Mmoja ana friji ya barafu za kuuza, mwingine hupiga pasi nguo za watu, wa tatu ni mama mwenye taa moja na simu ya kuchaji. Mwenye nyumba hugawa sawa kwa kila chumba, kwa kuwa ndiyo njia isiyomchosha. Mama hunung'unika, kisha hulipa.

Tulimkumbuka mama huyu tulipokuwa tukitafakari mvutano wa bei ya umeme wa mwishoni mwa 2016. TANESCO iliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19. EWURA, mamlaka yenye dhima ya kupima maombi hayo, ilipokea maoni ya wadau na kuidhinisha asilimia 8.53, ianze kutumika 1 Januari 2017. Kabla haijaanza, Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, akaisimamisha. Na siku ya mwaka mpya Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa shirika hilo, Mhandisi Felchesmi Mramba. Bei ikabaki pale ilipokuwa.

Wengi walifurahi, nasi hatujitoi. Januari 2014 bei ilikuwa imepanda kwa wastani wa asilimia 39.19, na familia nyingi hazijaisahau.

Hata hivyo, uadilifu hautimii mpaka kila mwenye dai asikilizwe. Shirika lilikuwa na hoja. Ukame ulipopunguza maji katika mabwawa mwaka 2011, nchi ilitegemea mitambo ya kukodi iendeshwayo kwa mafuta, na mafuta hununuliwa kwa fedha za kigeni. Wazalishaji binafsi nao wana mikataba, na mingine hudai malipo ya uwezo wa mtambo hata siku ambayo mtambo umelala. Mwenye kiwanda husema kwamba akiongezewa bei ataihamishia kwenye unga na sabuni, na husema kweli. Ama Serikali, yenyewe hukalia viti vitatu kwa pamoja: ni mmiliki wa shirika, ni mlinzi wa mwananchi, na ni mdaiwa, maana taasisi zake zimetajwa mara nyingi miongoni mwa wasiolipa ankara zao. Kiti hicho cha tatu hakizungumzwi sana mikutanoni.

Kwa hiyo kuzuia asilimia 8.53 hakukuondoa gharama. Kulibadilisha mlipaji tu. Pengine ni mgavi anayecheleweshewa fedha zake, pengine ni mtaa unaosubiri transfoma mpya, pengine ni Hazina, ambayo hujazwa pia na kodi ya mtu wa kijijini anayewasha kibatari na ambaye hakualikwa kutoa maoni, kwa kuwa si mteja.

Tumrudie mama wa taa moja. Katika viwango vya Aprili 2016, vilivyofuta pia tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi aliwekewa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292, kabla ya kodi na tozo nyingine. Nafuu hiyo ilikusudiwa kumfikia maskini, na nia yake ni njema. Lakini mita haihesabu familia, huhesabu uniti. Vyumba sita vikijumlishwa, uniti 75 huisha mapema, na nyumba nzima huhesabiwa kuwa mtumiaji mkubwa. Hivyo mama hununua mwanga wake kwa karibu mara tatu ya bei anayolipa kijana anayeishi peke yake, mwenye mita yake, na ambaye huenda kipato chake ni kikubwa kuliko cha wapangaji wote sita.

Hili halimo katika hoja ya shirika, wala ya mwenye kiwanda, wala ya mwenye mtambo. Lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa huduma za EWURA, lililowekwa kisheria ili kusema kwa niaba ya watumiaji. Ombi jingine la kupandisha bei litakapowasilishwa, tunaliomba Baraza lianze na swali hili: je, nyumba ya kupanga yenye familia sita ihesabiwe kuwa mteja mmoja?

Wenye nyumba hawana haja ya kungoja jibu. Mita ndogo za ndani zipo madukani, na fundi aliyesajiliwa huzifunga. Katika nyumba moja tuliyosuluhisha zilifungwa tatu: chumba cha friji, chumba cha pasi, na moja ya waliobaki. Mwezi uliofuata, mwenye friji ndiye aliyekuja kulalamika.