Wimbo wa Karatu na Hati Yake

Watu wengi huidhani albamu ya muziki kuwa ni nyimbo kumi au kumi na mbili zilizokusanywa pamoja na kupewa jina. Dhana hiyo haitoshi. Albamu ni kazi ya mikono mingi. Yupo anayetunga, wapo wanaopiga vyombo, yupo fundi mitambo anayenasa sauti na kuzisawazisha, yupo anayezalisha nakala, anayechora jalada, na anayeifikisha bidhaa sokoni. Katika kila hatua kuna karatasi ya kutiwa saini, na kila saini humtaja mwenye mali. Mwanamuziki asiyezijua hatua hizo huingia studio na wimbo wake, akatoka na nauli ya kurudi nyumbani.

Somo hili Tanzania imelisoma kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1970 nchi ilikuwa imejaa bendi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi katika kanda na kuzitangaza kila kona, na ni haki kusema kwamba bila kazi hiyo sehemu kubwa ya muziki wa kizazi kile ingekuwa imepotea. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Wimbo ulijulikana toka Mwanza hadi Mtwara, ila aliyetaka kuuweka nyumbani kwake hakuwa na pa kuununua. Bendi iliyotaka santuri ilikuwa haina budi kuvuka mpaka.

Wapo waliovuka na wasirudi. Wilson Kinyonga na nduguye George, wenyeji wa Tanga, walifika Arusha mwaka 1970 na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikuwa Nairobi, na huko ndiko ilikozaliwa Simba Wanyika, bendi iliyovuma Afrika Mashariki nzima kwa Kiswahili cha Tanga. Sauti ilikuwa ya Mtanzania. Studio, kiwanda na duka vilikuwa Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na mpaka wa nchi hizi mbili kufungwa hadi mwaka 1983, hata njia hiyo ikawa nyembamba.

Mfano wa Sunburst unaeleza zaidi. Hii ilikuwa bendi ya Dar es Salaam, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, yenye vijana wa Kitanzania akiwemo mwimbaji James Mpungo, pamoja na wenzao kutoka nchi jirani. Walipiga roki na soul kwa magitaa ya umeme na kinanda, wakaimba kwa Kiswahili na Kiingereza, wakachanganya na midundo ya ngoma za kwao. Albamu yao moja, Ave Africa, waliirekodi mwaka 1976. Waliirekodi Zambia. Halafu bendi ikasambaratika, albamu ikawa adimu, na kwa takriban miaka 40 vijana wengi wa Dar es Salaam walikua bila kujua kwamba mji wao uliwahi kuwa na muziki wa namna ile. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikaitoa upya, pamoja na rekodi nyingine za bendi hiyo tangu mwaka 1973. Ni jambo jema kwamba kazi hiyo imefufuka. Hata hivyo yafaa kila mzalendo ajiulize kwa nini ilibidi mwenye kufufua atoke ng'ambo, na kwa nini Mtanzania akitaka kuijua bendi ya Dar es Salaam hana budi kulisoma jalada lililochapwa Ulaya.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya wazee. Mwaka 2004 kundi la X Plastaz la Arusha, lililochanganya muziki wa kufokafoka na uimbaji wa Kimaasai, lilitoa albamu yake ya Maasai Hip Hop kupitia kampuni ya Ujerumani. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu Ave Africa. Mtindo ulikuwa mwingine, vyombo vingine, soko lingine. Njia ya kufikia albamu ilikuwa ile ile ya kupitia mlango wa mwingine.

Sasa tuutazame mkoa huo huo wa Arusha, tukiifuata barabara inayopita Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Loduare. Ni sehemu chache sana za Afrika zenye utajiri wa sauti kama huu katika eneo dogo kiasi hicho. Wairaqw wa Karatu husema lugha ya Kikushi, na wanayo slufay, ushairi wa kubariki unaoongozwa na mzee na kupokelewa na wote waliohudhuria. Wadatoga na Wamaasai husema lugha za Kiniloti. Na katika uimbaji wa Wamaasai olaranyani huanzisha, wenzake wakamjibu kwa mvumo wa koo unaofanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na ngoma. Kandokando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, watu zaidi kidogo ya elfu moja, ambao lugha yao wataalamu hawajaithibitishia undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Ongeza Wabantu waliohamia mashamba ya vitunguu ya Mang'ola na mji wa Karatu, na utapata mahali ambapo bendi ya vijana ina visima vinne vya kuchotea.

Utajiri huo unachotwa kila siku. Watalii wanaokwenda kreta husimama kwenye maboma, wakacheza na wenyeji, wakarekodi kwa simu na kamera zao. Wengi wao hawana nia mbaya. Lakini sauti iliyorekodiwa haina njia ya kujitetea. Ikiwekwa katika filamu au katika wimbo wa mtu mwingine, aliyeimba hana jina, hana mkataba, wala hana nakala. Pengine hatajua kamwe kwamba sauti yake imesafiri mbali kuliko miguu yake.

Lipo pia suala la wakati. Tangu mwaka 2022 sehemu ya wakazi wa Ngorongoro wamehamia Msomera, wilayani Handeni. Huu si ukurasa wa kuujadili uhamaji huo. Inatosha kusema kwamba wimbo unaotaja kilima, kisima na njia ya ng'ombe hubadilika wimbo huo unapoimbwa mbali na kilima hicho, na kwamba mtoto aliyezaliwa Handeni atahitaji kuusikia kama bibi yake alivyouimba. Kama haukurekodiwa, hakuna atakachosikia.

Watakuwepo watakaouliza kama roki na gitaa la umeme ni mambo ya kushughulisha watu wazima. Mwalimu Julius Nyerere, alipohutubia Bunge mwezi Desemba 1962 na kueleza sababu za kuanzisha wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba Waafrika walifundishwa kucheza ngoma za wageni wakazisahau za kwao. Hotuba hiyo hiyo ilionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa mataifa mengine linajidhuru. Mawazo hayo mawili hayapingani. Gitaa ni chombo kama jembe la chuma. Halikuletwa na babu zetu, na shamba linalolimwa kwalo ni letu. Swali la kuuliza juu ya jembe ni nani anayevuna.

Wengine watasema kwamba Karatu inahitaji maji na zahanati kabla ya studio. Hoja hiyo ingekuwa nzito kama studio ingekuwa bado ile ya zamani, yenye mitambo ya kuagizwa kwa fedha za kigeni. Leo kompyuta moja, vinasa sauti vichache na chumba kilichozibwa mwangwi vinatosha kurekodi albamu, na nakala husambazwa kwa mtandao bila kiwanda chochote. Kikwazo kilichowapeleka Sunburst Zambia kimekwisha kuondoka. Kilichobaki ni kile kingine, ambacho ni kigumu kuonekana: elimu ya haki.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, humpa haki mwimbaji na mpigaji, na hutaja pia sanaa za jadi za jamii. Zipo COSOTA na Baraza la Sanaa la Taifa. Lakini sheria iliyokaa katika rafu ya ofisi mjini haimfikii mwimbaji wa Endulen wala mpiga zeze wa Mang'ola mpaka awepo mtu wa kuipeleka. Mtu huyo ni mtumishi wa umma na mwalimu, hakuna mwingine.

Kazi yenyewe si kubwa. Ofisa utamaduni wa wilaya aweke daftari la kila anayekuja kurekodi, akiandika ni nani, anarekodi nini, kwa ruhusa ya nani, na nakala itaachwa wapi. Kisiwepo kibali kisichotaja majina ya waimbaji na mgawo wao. Mwalimu wa shule ya msingi au sekondari awafundishe wanafunzi wake kurekodi nyimbo za wazee kwa idhini yao, na kuandika jina la mwimbaji, kijiji, tarehe na lugha. Rekodi isiyo na maelezo hayo ni kama mzigo uliopotelewa na anwani. Bendi ya vijana inapotaka kuutia wimbo wa mzee ndani ya albamu yake, ikae naye kwanza waandikiane, na jina lake litajwe waziwazi albamu itokapo. Na halmashauri zinazopata mapato ya utalii zione kwamba chumba kimoja cha kurekodia mjini Karatu ni sehemu ya utalii huo huo, kwa maana mgeni anayenunua ushanga angenunua pia muziki wenye jina la aliyeuimba.

Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo juu ya fedha na ng'ombe, vitu vinavyohesabika. Wimbo haukai zizini wala haufungiwi kabatini, na kwa sababu hiyo hasa unahitaji daftari kuliko ng'ombe. Ave Africa ilihitaji miaka 40 na wageni wa London ili isikike tena. Nyimbo nyingi za Karatu na Ngorongoro hazijapata hata hiyo santuri moja adimu ya kufufuliwa kwayo, na wazee wanaozijua hawatangoja miaka 40.