Baa ya nyumbani Mutoshi: ndimu na kipimo kwanza, wiski baadaye

Pesa ya madini ikiingia, Mutoshi inaonekana upesi: kochi jipya, televisheni kubwa, kisha kabati la vioo saloni, chupa za wiski zimepangwa kama picha za jamaa. Sasa kuna vijana wa Kolwezi wanaotaka pia kuchanganya kokteli nyumbani, kuliko kumaliza usiku kwenye nganda. Wazo si baya. Anayekunywa nyumbani hatafuti motari saa sita ya usiku. Kosa ni mahali pa kuanzia: mtu ananunua chupa sita za bei kali, na nyumbani hamna hata ndimu moja.

Kokteli nyingi zinasimama juu ya vitu vitatu: kileo kikali, kitu kichachu, kitu kitamu. Wakenya wana moja inayoitwa Dawa, iliyopata sifa katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi: vodka, ndimu, sukari, asali na barafu. Ni ndugu ya caipirinha ya Brazili. Chupa ni moja tu. Mengine yote yanapatikana sokoni. Ukiongeza tangawizi na marakuja, chupa hiyo moja inatoa vinywaji vitatu tofauti. Na tangu serikali iliposimamisha kuuza kobalti nje ya nchi, Februari 2025, kila mkaaji wa Lualaba anajua kwamba mwezi mzuri haufuatwi lazima na mwingine mzuri. Chupa sita ni pesa iliyolala kabatini.

Ugumu wenyewe ni barafu. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yanatoa umeme wa mto Lualaba tangu miaka ya 1950, hapo hapo karibu na Kolwezi, lakini mitaani taa inakatika na frigo inageuka kabati. Basi watu wananunua barafu nje. Imetoka kwa maji gani? Kipindupindu si kigeni katika sehemu hizi, na baridi ya frigo haiui vijidudu vyake kwa hakika. Pombe ndani ya glasi haisafishi chochote. Afadhali kuchemsha maji, kuyagandisha umeme ukiwepo, na kuhifadhi barafu katika sanduku lenye kifuniko. Ikikosekana, kunywa bila barafu.

Kifaa cha pili cha lazima ni kipimo kidogo cha mililita 50. Ni rahisi kuliko chupa yoyote, na ndicho kinachosahauliwa. Mililita 50 za kileo cha asilimia 40 zina karibu gramu 16 za pombe safi, na mwili, kwa wastani, unahitaji saa mbili hivi kuzimaliza. Anayekunywa vipimo vinne na kuacha saa tano ya usiku bado anaweza kuwa na pombe mwilini saa kumi na mbili ya asubuhi. Saa hiyo mchimbaji anashuka shimoni, na dereva anawasha lori. Anayemimina kwa macho hawezi kufanya hesabu hiyo.

Inabaki chupa yenyewe. Inunuliwe kwa muuzaji anayejulikana, kifuniko hakijafunguliwa, lebo haijabanduka. Kuna wanaosema lutuku itatosha, kwa sababu ndimu na sukari zitaficha ukali wake. Hapo ndipo hatari. Methanoli haijulikani kwa ladha wala kwa harufu, na dalili zake zinaweza kuchelewa mpaka kesho yake: kichwa, tumbo, kisha macho yanaona ukungu. Aprili 2010, huko Kabale, Uganda, makumi ya watu walikufa kwa waragi yenye methanoli. Ndimu haiitoi.

Na wageni wasiokunywa pombe? Baa nyingi za nyumbani zinawapa soda na kuwasahau. Maji ya tangawizi na asali yanastahili glasi nzuri ileile. Munkoyo nayo, ya uji wa mahindi na mizizi yake, ni kinywaji cha heshima ikiwa mbichi. Ikikaa siku nyingi inachachuka na kulevya, kwa hiyo mwenye nyumba aseme imekaa siku ngapi.

Wiski ikiisha, chupa isiuzwe tupu na lebo yake. Ibanduliwe lebo kwanza, maana mwingine anaweza kuijaza kitu kingine na kuirudisha sokoni.