Noeli ya Mtoto, si Noeli ya Majirani



Siku ya Noeli, katika parokia moja ya Lubumbashi, mtoto wa miezi minne alilia tangu wimbo wa mwanzo mpaka mahubiri. Mama yake alimpa ziwa, akakataa. Alimbembeleza, akatoka naye nje, akarudi naye. Kilio ni kilekile. Mwishowe nkambo mmoja aliyekaa nyuma yao aliinuka, akampokea mtoto, akaanza kumfungua: kofia nyekundu ya sufu, koti la manyoya, soksi nene, viatu. Ndani mtoto alikuwa amelowa jasho kana kwamba ametoka mtoni. Alipobaki na shati moja tu, alinyamaza, akalala. Je, mama alishukuru? Hapana. Aliona haya, akasema kwa sauti ndogo: «Lakini, mama, sasa watu hawataziona nguo.»

Watu hawataziona nguo! Neno hilo ndilo nitakalo kulipiga vita leo. Desemba kwetu Katanga ni mwezi wa mvua na maembe, si mwezi wa theluji. Nguo zile hazikununuliwa kwa ajili ya mtoto, kwa maana mtoto hakuzihitaji. Zilinunuliwa kwa ajili ya macho ya majirani. Na kama nguo ni za majirani, na chakula ni cha majirani, na bia ni ya majirani, basi Noeli hiyo ya kwanza ni ya nani?

Msidhani nasema hayo kwa kuwacheka wengine. Mimi mwenyewe nilikosa, tena nilikosa zaidi kuliko mama yule.

Kosa langu

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwezi wa Agosti. Mke wangu alisema: «Tumpeleke kubatizwa mwezi wa Septemba.» Mimi nikajibu: «Tungoje Noeli. Tutaunganisha sikukuu mbili, ubatizo na Noeli yake ya kwanza, ili watu wajue kwamba nimezaa.» Mshahara haukutosha. Nikaenda kwa mtu akopeshaye kwa riba: kwa kila dola 10, nirudishe 15. Nikalipia kreti za bia, nikalipia kitenge cha sare kwa ndugu zangu na ndugu za mke wangu, nikamlipa mpiga picha nusu ya fedha yake. Yote yalikuwa tayari kabla ya Majilio kwisha. Jambo moja tu halikuwa tayari: kitanda cha mtoto kilikuwa bado hakina chandarua. Nilisema nitakinunua baada ya sikukuu.

Juma la pili la Desemba homa ilimshika. Siku ya tatu vitanga vya mikono yake vilikuwa vyeupe. Hospitalini wakatuambia: «Ni malaria, na damu imepungua. Apewe damu leo.» Wakataja bei. Mfukoni mwangu hamkuwa na kitu. Nilikimbia kwa muuza bia nikamwomba anirudishie fedha yangu, alikataa. Mwenye kitenge alikuwa amekwisha kukikata. Aliyetuokoa ni mjomba wa mke wangu, mtu ambaye sikumweka katika orodha ya wageni kwa sababu ni maskini. Aliuza baiskeli yake.

Usiku ule, wakati tulipongoja damu, muuguzi mmoja mkristu aliniuliza: «Baba, mtoto amebatizwa?» Nikasema: «Bado. Tunangoja Noeli.» Hakunikaripia. Alinitazama tu, akaleta maji katika bilauri. Mke wangu akashika kichwa cha mtoto, muuguzi akambatiza kwa Jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mungu alituhurumia: mtoto alipona, na baadaye Padri alitimiza kanisani sala na matendo yaliyosalia. Lakini swali lile halijatoka masikioni mwangu. Niliweka bia tayari, sikumweka mtoto wangu tayari.

Hua wawili

Tufungue Evanjili ya Luka, sura ya pili. Siku 40 baada ya kuzaliwa Yezu, Maria na Yozefu walimpeleka Hekaluni. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi, ilimtaka mama atoe mwanakondoo. Na kama hana uwezo, atoe hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Maria na Yozefu walitoa nini? Walitoa sadaka ya maskini, ya ndege wawili.

Fikirini vema, enyi akina baba. Yozefu alikuwa fundi, mtu wa ukoo wa Daudi. Je, hakuweza kukopa mwanakondoo? Je, hakuona haya kupita mbele ya watu na vindege viwili, hali amembeba Mwana wa Mungu? Hakuona haya. Sheria ilimruhusu maskini aje kama maskini, naye akaja hivyo, kwa wakati uliowekwa. Hakuahirisha. Hakusema: «Tungoje mwaka ujao, nitakapopata kondoo.» Sisi twafanya kinyume: twataka kondoo, twakopa kondoo, na siku inatupita.

Kanisa nalo lasema wazi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 867, yawapasa wazazi kuwabatiza watoto wao katika majuma ya kwanza. Majuma, si miezi, wala si miaka mpaka baba apate fedha ya karamu. Na kanuni ya 848 yasema kwamba mhudumu asidai kitu kupita matoleo yaliyowekwa na wakubwa, tena maskini asinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Basi, kama mahali fulani mzazi maskini anarudishwa mlangoni kwa ajili ya fedha tu, aende kwa Padri kwa heshima, amwambie shida yake. Lakini tuseme kweli: mara nyingi anayemzuia mtoto si Padri. Ni baba yake mwenye kuhesabu kreti.

Mama aliyempoteza mtoto kabla ya ubatizo asidhani kwamba nataka kumwongezea machozi. Kanisa lawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, naye apenda watoto kuliko sisi. Nasema na yule ambaye mtoto wake yu hai mikononi mwake, naye angali anangoja.

Wanayojibu watu

Wengine wasema: «Noeli ya kwanza haitarudi. Acha tuifanye kubwa.» Kweli, haitarudi. Na mtoto ataikumbuka? Hataikumbuka hata kidogo. Kitakachobaki kwake ni afya, ni jina lake katika kitabu cha ubatizo, ni amani ya wazazi wake. Deni nalo litabaki. Januari ada ya shule ya wakubwa wake yangoja, na mkopeshaji yupo mlangoni.

Wengine wasema: «Mtoto mchanga hajui kitu. Abaki nyumbani na dada yake, sisi twende tukafurahi.» Hawa ndio wabaya zaidi. Usiku wa Noeli baba yuko katika baa, mama yuko kwa rafiki zake, na mtoto yuko mikononi mwa msichana wa miaka tisa, ndani ya giza, pamoja na mbu. Nayo simu ya baba imejaa picha za mtoto huyo, watu wote wamempongeza! Mtoto mchanga hajui maneno, lakini ajua harufu ya mama, sauti ya baba, na joto la mgongo unaombeba. Samaki mkunje angali mbichi.

Wengine wasema: «Bila karamu, watu watasema hatusherehekei.» Hao waulize wazee. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristu. Mwaka 1974 iliiondoa Noeli katika siku za mapumziko, na tarehe 25 Desemba watu walikwenda kazini kama siku yoyote. Je, Noeli ilikufa? La, hasha! Waamini walisali kabla ya kazi na baada ya kazi, na watoto waliitwa majina yao ya ubatizo ndani ya nyumba. Serikali haikuweza kuwanyang'anya wazee Noeli yao. Itakuwa aibu kama sisi wenyewe tutaiuza kwa kreti ya bia.

Siku arobaini za nyumbani

Sisemi tusifurahi. Anayekataza furaha siku ya Noeli hakuwasikia malaika. Nasema furaha ipewe njia yake. Toka Noeli mpaka tarehe 2 Februari ni siku 40. Familia yenye mtoto mchanga yaweza kuzitumia hivi, hata ikiwa haina fedha nyingi.

Katika Majilio: nunueni kwanza chandarua, kiisha tazameni kadi ya chanjo kama hakuna iliyopita. Baba aende komini kumwandikisha mtoto. Sheria yetu yatoa siku 90 tangu kuzaliwa. Yozefu alikwenda mpaka Betlehemu kuandikwa, njia ya siku nyingi, na mke wake mjamzito. Wewe washindwa kufika komini?

Mkesha wa Noeli: watoto wakubwa wachukue udongo wa kichuguu, wafinyange ng'ombe, kondoo na wachungaji, watengeneze pango pembeni mwa nyumba. Hilo halidai hata franka moja. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alifanya vivyo hivyo kule Greccio mwaka 1223: alitaka majani makavu, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho umaskini wa Mtoto Yezu. Kabla ya kulala, baba mwenyewe asome habari ya kuzaliwa kwa Bwana, akimpakata mtoto. Si mama, wala si katekista, baba.

Siku ya Noeli: kama mvua ni kubwa usiku, nendeni Misa ya mchana pamoja na mtoto, amevaa nguo nyepesi na safi. Akilia, alie, pango la Betlehemu halikuwa kimya. Nyumbani mpikeni kuku na bukari na mboga, na sahani ya kwanza iwe ya mama anyonyeshaye. Mtoto asiyetimiza miezi sita karamu yake ni ziwa la mama tu. Asionjeshwe soda, wala asali, wala povu la bia kwa mchezo. Nimewaona wajomba wakifanya hivyo na watu wakicheka. Si jambo la kuchekesha.

Dominika ya Familia Takatifu: baba na mama, kama kuna neno katikati yenu, limalizeni kabla ya jua kutua. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko koti la manyoya.

Tarehe 28 Desemba, Watoto Watakatifu waliouawa na Herode: siku hiyo tusali kwa ajili ya watoto wa nchi yetu waliokufa kwa vita na kwa njaa. Yezu alipokuwa mchanga alikuwa mkimbizi kule Misri. Mwaka 2025, Januari, vita viliingia Goma, na Februari vikaingia Bukavu. Akina mama wengi walikimbia na watoto wachanga mgongoni. Noeli ya kwanza ya watoto wa namna hiyo ni chini ya shitingi. Anayekumbuka hayo hawezi kukopa fedha kwa ajili ya bia.

Epifania: Wamajusi walileta zawadi. Familia nayo itoe zawadi, isingoje kupewa tu. Mtoto wako amezidiwa na nguo? Chukua moja iliyo nzuri, si iliyochakaa, umpelekee mama maskini wa shirika lenu aliyejifungua mwaka huohuo.

Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana: ni siku ifaayo sana kwa wale ambao watoto wao hawajabatizwa. Lakini kama Padri aweza kumbatiza mapema, msiingoje. Chagueni baba na mama wa ubatizo kwa sababu ya imani yao, si kwa sababu ya motokari yao. Baada ya ubatizo, chai na mkate pamoja na watu wa shirika vyatosha.

Kisha tarehe 2 Februari, Bwana Kutolewa Hekaluni: mama ambebe mtoto na mshumaa, wakamshukuru Mungu. Hapo siku 40 zimetimia, nanyi hamna deni la mtu.

Neno kwa akina baba

Mtoto wangu yule sasa ni kijana, ahudumia altareni. Hana picha hata moja ya Noeli yake ya kwanza, kwa maana mpiga picha alikuja akakuta nyumba imefungwa. Sisi tulikuwa bado hospitalini. Siku moja aliniuliza: «Baba, Noeli yangu ya kwanza ilikuwaje?» Nilimweleza yote, hata bia, hata riba, hata baiskeli ya mjomba. Alinyamaza, kisha akasema: «Basi mjomba ndiye aliyenipa zawadi.»

Ndiyo, mwanangu. Mjomba alitoa hua wawili. Mimi nilikuwa ningali natafuta kondoo.

Ewe baba unayesoma maneno haya, na mtoto wako hajabatizwa, usiweke karatasi hii chini ukasema: «Ni kweli.» Inuka, mwendee Padri juma hili.