Maoni Yetu: Transfoma haifi ghafla

Kakamega haikosi radi ya kulaumiwa. Mawingu hujikusanya alasiri, ngurumo inapasuka, stima inapotea, na kufikia jioni mtaa mzima umeshaamua kwamba transfoma imepigwa. Mara nyingine ni kweli. Lakini radi hubebeshwa pia makosa yasiyo yake.

Transfoma nyingi huugua muda mrefu kabla ya kufa. Ndani ya lile pipa la chuma juu ya nguzo kuna nyaya zilizovikwa karatasi na kuzamishwa katika mafuta yanayozipoza na kuzuia umeme usiruke. Mzigo ukizidi, mafuta hupata moto na karatasi huchakaa. Mpira wa kuzibia ukichoka, unyevu hupenya. Cheche zikianza, mafuta hutoa gesi, hasa haidrojeni na asetilini, na fundi aliyepeleka chupa moja ya mafuta hayo maabara hujua kinachopikika humo.

Mzigo nao haufichiki. Shawa moja ya umeme hula takriban kilowati 5. Shawa kumi zikiwashwa pamoja saa kumi na mbili asubuhi, transfoma ya kilovolti-ampea 50 imejaa, na bado hakuna aliyepiga pasi. Mradi wa Last Mile wa kuunganishia nyumba umeme, ulioanza 2015, ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Jambo jema, ila kila nyumba mpya ni mzigo mpya.

Kwingine hawangoji transfoma ife. Kwenye Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, ambako mitambo ya upepo imesimama majini, transfoma ikiharibika fundi husubiri meli, kisha husubiri mawimbi yatulie. Wenye mitambo wanaona afadhali kufunga vipimo vya joto, gesi na mzigo vinavyotuma habari nchi kavu usiku na mchana, maana hasara ni yao. Huku kwetu transfoma iko hatua chache kutoka barabarani, na mara nyingi habari ya kwanza ya ugonjwa wake ni giza. Hasara humwangukia kinyozi, mwenye kinu cha posho na mama aliyejaza maziwa kwenye friji.

Hatudai miujiza. Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, nchi ikaingia gizani, tumbili mwenyewe akatoka mzima. Kipimo gani kingemwona huyo akija? Joto la transfoma la kila jioni, hata hivyo, hupimika.

Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, ianze kupima transfoma za hospitali, pampu za maji na masoko. Mita ya transfoma inayotumika kumsaka mwizi wa stima ndiyo hiyo hiyo inayoonyesha kwamba transfoma imezidiwa. Kwingine, fundi apite na kamera ya joto saa moja usiku, taa na majiko yakiwa yamewaka, wala si saa nne asubuhi watu wakiwa shambani. Nayo kaunti, inayoidhinisha ramani za nyumba za kupangisha karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, iwaarifu watu wa stima kabla jengo halijapanda.

Kenya Power hutangaza mapema maeneo yatakayokatiwa umeme kwa ukarabati. Kwenye tangazo hilo iongeze orodha moja: transfoma zinazobeba kupita uwezo wake, na siku ambayo kila moja itapunguziwa mzigo.