Masomo kwa intaneti: mwalimu anaweza kutuma kurasa ngapi za kitabu?

Katika vyuo vikuu vya mashariki mwa Kongo, masomo mengi leo yanapitia kwenye simu. Mwalimu anapiga picha kurasa za kitabu, anazituma katika kundi la WhatsApp la promosheni, na siku ileile zimefika hata kwa watu wasio wanafunzi wake. Maktaba ni chache, na bei ya vitabu vinavyotoka Ulaya inapita uwezo wa mwanafunzi. Lakini kila kitabu kina mwenyewe. Sheria inaruhusu kufika wapi?

Kesi moja ya Marekani inasaidia kuelewa. Mwaka wa 2008, wachapishaji watatu, Cambridge University Press, Oxford University Press na Sage, walishtaki viongozi wa chuo kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta. Walimu wa chuo hicho walikuwa wanaweka sehemu za vitabu kwenye mtandao wa chuo, na wanafunzi wanazisoma bila kulipa. Mwaka wa 2012, hakimu Orinda Evans alipima kipande kimoja kimoja: kati ya 74, aliona kosa kwenye 5 tu. Kipimo chake kilikuwa asilimia 10 ya kitabu, ao sura moja ikiwa kitabu kina sura 10 na zaidi.

Mwaka wa 2014, korti ya rufaa ilikataa kipimo hicho. Ilisema hakuna asilimia inayomlinda mwalimu. Kwa kila kipande lazima kuuliza: kinatumiwa kwa kazi gani, kitabu ni cha aina gani, kimechukuliwa kiasi gani, na je, kinamnyima mwenyewe soko lake? Kesi iliendelea hadi mwaka wa 2020, na hakimu huyo akaona makosa 10 kati ya vipande 48 vilivyokuwa vimebaki. Yaani, vingi viliruhusiwa, lakini si vyote.

Sheria ya Marekani haina nguvu Kongo. Hapa kwetu kuna amri-sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, inayomlinda muandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kongo iko pia katika mkataba wa Berne. Mkataba huo unaachia kila nchi kuruhusu vipande vya kufundishia, kwa kiasi somo linachohitaji, na jina la muandishi likitajwa. Kutuma kitabu kizima ni jambo lingine.

Wengine watasema: sisi ni maskini, nani atakuja kutushtaki? Ni kweli, mchapishaji wa London hatasafiri hadi Bukavu kwa ajili ya promosheni moja. Lakini anayeumia wa kwanza si yeye. Ni profesa wa Goma ao wa Bukavu aliyechapisha kitabu kwa pesa zake mwenyewe, na kabla hajauza nakala kumi, PDF yake imezunguka mji mzima. Kesho hataandika tena, na wanafunzi wetu watabaki kutegemea vitabu vya ng'ambo.

Njia zipo. Mwalimu atume kipande kinachohitajika kwa somo la wiki, katika kundi la wanafunzi wake tu, na ataje muandishi. Pale ambapo kitabu kinasomwa bure kwenye mtandao wa mwenyewe, atume anwani yake, si nakala. Kwa Kifaransa, OpenEdition na HAL zina maelfu ya maandishi ambayo kila mtu anaweza kusoma bila kulipa.

Yanayobaki ni ya wakubwa. Serikali iandike wazi kile mwalimu anachoruhusiwa kwenye masomo ya intaneti, na vyuo vikuu vitenge pesa za maktaba. Mwalimu asiachwe peke yake kuchagua kati ya sheria na wanafunzi wasio na kitabu.