Kukata Herufi Si Kuchanganua Neno

Watafiti wa Kiswahili wanaotumia kompyuta huhifadhi data zao katika majedwali, kila neno katika kisanduku chake. Aghalabu hutokea haja ya kunyofoa sehemu ya neno, kwa mfano kiambishi cha njeo, na kuiweka katika safu ya peke yake ili ihesabiwe. Programu kama Excel na OpenRefine huifanya kazi hiyo kwa amri moja: hutajwa nafasi ya herufi ya kuanzia pamoja na kiasi cha kukata au nafasi ya kuishia, na maelfu ya maneno hukatwa papo hapo. Wepesi huo ndio wenye hatari.

Ichukuliwe amri ya kunyofoa herufi ya pili na ya tatu. Katika "analima", "alilima", "atalima" na "amelima", amri hiyo hutoa "na", "li", "ta" na "me", na matokeo ni sahihi. Katika "walilima" hutoa "al". Katika "ninalima" hutoa "in". Makosa ya aina hii hujifichua yenyewe, kwani hakuna mwanaisimu atakayeyapokea kuwa viambishi vya njeo.

Ya kuogopwa ni yale yasiyojifichua. Maumbo ya njeo ya -a-, yaliyozoeleka katika ushairi na katika vichwa vya habari vya magazeti, hutoa majibu yenye sura ya ukweli. "Anawa" hutoa "na", "alima" hutoa "li", "ataka" hutoa "ta", na "amega" hutoa "me". Herufi hizo ni sehemu za mizizi -naw-, -lim-, -tak- na -meg-, lakini jedwali litazihesabu kuwa njeo. Programu haitoi onyo lolote, na tasnifu nzima yaweza kusimama juu ya hesabu hiyo.

Huenda ikadaiwa kwamba dawa ni kutafuta ruwaza, yaani kiambishi cha nafsi kikifuatwa na "na", "li" au "ta", badala ya kuhesabu nafasi. Dai hilo litawaokoa "walilima" na "ninalima", lakini halitaiokoa "ataka", ambayo herufi zake zinaafiki ruwaza hiyo kikamilifu. Kinachotenganisha "ataka" na "atalima" ni ujuzi wa mizizi. Ndiyo maana SWATWOL, kichanganuzi cha Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kilijengwa juu ya leksikoni na kanuni za mofolojia.

Haifuati kwamba amri za kukata zitupwe. Zitumike kwa masharti: safu ya asili ibaki bila kuguswa, kila kipande kilinganishwe na orodha ya mizizi, sampuli isomwe kwa macho, na kanuni ya ukataji ielezwe wazi katika tasnifu ili wengine waweze kuihakiki. Kompyuta huhesabu herufi. Kuitambua mofimu kumebaki kuwa wajibu wa mwanaisimu.